Ng'ombe wa Boran katika shamba la Handeni: sifa zake zinastahimili ukanda wenye kupe na mbung'o?

Mfugaji wa Handeni ameuliza:

Wanajukwaa, ninawasalimu nyote.

Ninafuga ng'ombe wa nyama wilayani Handeni, mkoani Tanga, katika shamba la ekari 400 nililoachiwa na marehemu baba yangu. Kundi langu lina majike 32 wa zebu wa pembe fupi, ambao ndio ng'ombe wa asili wa sehemu kubwa ya nchi yetu, pamoja na dume mmoja aliyekwisha kuzeeka. Siwadharau ng'ombe hawa hata kidogo, kwa kuwa ndio waliotulisha na kutusomesha mimi na ndugu zangu. Hata hivyo, nikiwapima kwa utepe wa kifua, jike mkubwa kuliko wote hafiki kilo 280, na maksai wa miaka minne hufika mnadani akiwa na kilo 300 kwa tabu, ilhali wanunuzi wa siku hizi wanataka mnyama mkubwa zaidi na mwenye umri mdogo zaidi.

Nimeshauriwa niingie kwenye Boran. Nimewaona katika ranchi moja na kwa kweli nilivutiwa nao: miili mirefu, nyama nyingi mapajani, na utulivu ambao sikuutarajia kwa mnyama mkubwa kiasi kile. Nikaambiwa kwamba dume hufikisha kilo 800. Mwaka jana nikanunua dume mmoja wa miaka miwili kutoka kwa muuzaji aliyenihakikishia kwamba "Boran haugui". Siku ya 19 tangu afike shambani dume yule alikufa kwa ndigana kali, tezi za chini ya masikio zikiwa zimevimba na povu likimtoka puani. Nililia, sioni haya kusema.

Sasa nataka kuelewa kabla ya kutoa fedha tena. Je, sifa za Boran ni zipi hasa, zile ambazo mfugaji aliyeishi naye anaweza kuzithibitisha? Uzito huo wa kilo 800 unapatikana kwa nyasi tupu? Upande wa mashariki wa shamba langu kuna msitu wa miombo wenye mbung'o wakati wa mvua, Boran atapaweza? Na la mwisho, ninunue mitamba wa Boran halisi, au ninunue dume tu na kuwapandisha majike nilionao?

Mfugaji wa Laikipia amejibu:

Ndugu yangu wa Handeni, pole sana kwa hasara hiyo. Nimefuga Boran huku Laikipia, Kenya, kwa miaka 22, na baba yangu alikuwa msimamizi wa kundi katika ranchi kabla yangu, kwa hiyo nitakueleza kile ninachokijua kwa macho na mikono.

Huwezi kuzielewa sifa za ng'ombe huyu bila kujua alikotoka. Jina lake limetokana na Waborana, wafugaji wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Katika nchi ile wakati wa kiangazi maji hupatikana kwenye visima virefu vilivyochimbwa kwa mkono, ambamo vijana husimama mmoja juu ya mwingine wakipokezana ndoo huku wakiimba, na ng'ombe hunyweshwa kila siku ya tatu. Mnyama anakunywa leo, anakwenda malisho ya mbali kesho, na keshokutwa anarudi kisimani. Ng'ombe asiyeweza mwendo huo hakuacha uzao. Hiyo ndiyo shule iliyomfunza Boran, na karibu kila sifa yake nzuri imetoka hapo: miguu mirefu yenye kwato ngumu, manyoya mafupi yanayong'aa, ngozi nyeusi chini ya manyoya hata kama manyoya yenyewe ni meupe, ngozi pana inayoning'inia shingoni na kusaidia kupoza mwili, na nundu juu ya mabega ambamo huweka akiba ya mafuta.

Walowezi wa Laikipia walianza kuwanunua ng'ombe hao katika miaka ya 1920, wakawachagua kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya nyama, na mwaka 1951 chama cha wafugaji wa Boran kikaundwa nchini Kenya ili kutunza kumbukumbu za koo na viwango vya kuchagua. Ndiyo maana leo tunatofautisha Boran wa wafugaji wa kuhamahama, ambaye ni mdogo, na Boran aliyeboreshwa wa ranchi. Dume komavu aliyeboreshwa huwa na kilo kati ya 550 na 850, na jike huwa kati ya kilo 400 na 550. Aliyekutajia kilo 800 hakukudanganya, ila alikuonyesha mnyama wa upande wa juu kabisa wa kipimo, aliyelelewa vizuri tangu tumboni mwa mama yake. Maksai wangu, kwa nyasi na chumvi ya madini peke yake, huuzwa wakiwa na miaka mitatu na uzito wa kilo 400 hivi. Mwaka wa ukame hupungua, na sidai kuwa hali ni nyingine. Nyama inayobaki baada ya kuchinja ni kama nusu ya uzito wa mnyama aliye hai, au zaidi kidogo anaponona.

Lakini naomba usimpende Boran kwa sababu ya dume. Mpende kwa sababu ya jike. Ndama wa Boran huzaliwa akiwa na kilo kati ya 25 na 30 tu, kwa hiyo jike huzaa peke yake malishoni, bila kamba wala daktari, na katika miaka yangu yote nimesaidia kuvuta ndama mara tatu. Baada ya kuzaa humlinda mtoto wake kwa ukali ambao hutauona siku nyingine yoyote. Huendelea kuzaa hadi umri mkubwa. Ninaye jike mwenye miaka 14 ambaye yuko kwenye ndama wake wa kumi. Maziwa yake yanamtosha ndama na si zaidi, na usipomleta ndama karibu hatakuachia maziwa, basi asikudanganye mtu kwamba utapata nyama na biashara ya maziwa kwa pamoja. Mtamba wake pia huchelewa kidogo kukomaa akilinganishwa na ng'ombe wa Ulaya; kwa malisho ya kawaida huzaa mara ya kwanza akiwa karibu na miaka mitatu, na malisho yakiwa duni hukaribia minne.

Kuna jambo moja ambalo watu hulipita haraka, nalo ni tabia ya kukaa pamoja. Boran hupenda kundi. Huku kwetu kuna simba, chui na fisi, na kila jioni tunawarudisha ng'ombe katika boma. Kundi la Boran hurudi likiwa limeshikamana, hivi kwamba wachungaji wawili wanaotembea kwa utaratibu huweza kuongoza mamia. Boma likihamishwa, mahali pa zamani penye samadi huota nyasi tamu ambazo hata swala huzifuata kwa miaka mingi baadaye. Ninalitaja hili kwa sababu mnyama mtulivu hupunguza gharama za uzio, za wafanyakazi na za majeraha, na faida hiyo haionekani kwenye mizani ya mnada.

Kuhusu mbung'o sitasema mengi, kwa kuwa Laikipia hatuna tatizo hilo kwa kiasi chenu. Nawaachia wenye uzoefu.

Afisa Mifugo Mstaafu, Tanga, amejibu:

Mwanangu wa Handeni, nimefanya kazi ya mifugo katika mkoa wetu kwa zaidi ya miaka 30, na swali lako la tatu ndilo lililonifanya niandike.

Nianze na dume uliyempoteza. Hakufa kwa sababu Boran ni dhaifu, alikufa kwa sababu alikuwa mgeni. Ndigana kali husababishwa na kijidudu kinachoenezwa na kupe wa kahawia wa masikioni, na ng'ombe anayezaliwa mahali penye kupe hao huambukizwa akiwa ndama. Wengine hufa, na wanaopona hubaki na kinga. Dume aliyelelewa katika ranchi yenye josho zuri au kwenye nyanda kavu zisizo na kupe hao hafiki kwako na kinga yoyote. Ukimtoa huko ukamwachia moja kwa moja kwenye nyasi zako, dalili huanza kuonekana ndani ya wiki mbili hivi, na siku 19 ulizotaja zinalingana kabisa na mwenendo wa ugonjwa. Zebu wako wa kienyeji walikuwa wakila nyasi hizo hizo bila kuugua, kwa kuwa wao walikwisha kulipa gharama hiyo utotoni. Muuzaji alipaswa kukuambia. Ustahimilivu wa Boran dhidi ya kupe ni wa kweli, maana ngozi yake yenye manyoya mafupi hubeba kupe wachache kuliko ng'ombe wa Ulaya, lakini kubeba kupe wachache na kuwa na kinga ya ndigana ni mambo mawili tofauti.

Dawa ya jambo hili ipo. Chanjo ya ndigana kali ilitengenezwa Muguga, nchini Kenya, nayo ina vimelea hai ambavyo mnyama hudungwa pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini ya muda mrefu siku hiyo hiyo, ili augue kidogo sana na kubaki na kinga ya muda mrefu. Mchanje dume wako angali huko anakotoka, umwache huko kwa mwezi mzima chini ya uangalizi, kisha ndipo umsafirishe kwa kibali cha mifugo. Usisahau kwamba chanjo hiyo haimkingi na magonjwa mengine ya kupe, yaani ndigana baridi, mkojo mwekundu na maji moyo, kwa hiyo kuogesha kunaendelea.

Sasa mbung'o. Wenyeji wa Pangani na Handeni wenye umri kama wangu wanaikumbuka ranchi ya Mkwaja, iliyoanzishwa katika miaka ya 1950 kwenye pwani ya kusini mwa Pangani, katikati ya makazi ya mbung'o. Ng'ombe wake walikuwa Boran. Kwa miongo kadhaa walilindwa kwa sindano za kinga dhidi ya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na watafiti walioyachambua matokeo ya kundi lile katika miaka ya 1980 waliona kwamba Boran anayelindwa kwa dawa anaweza kuzaa na kukuza ndama vizuri hata katika hatari kubwa ya ugonjwa. Hilo ni jambo la kutia moyo. Lakini ranchi hiyo ilifungwa mwaka 2000, na gharama za kupambana na mbung'o na nagana zilikuwa miongoni mwa mizigo iliyoielemea. Leo eneo lake ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba Boran atapaweza mahali pako endapo utamlipia, na lazima upige hesabu ya malipo hayo kabla ya kununua, si baada.

Kwa shamba la ekari 400 lenye msitu upande mmoja, mimi ningefanya hivi. Ningeogesha kundi zima kwa dawa ya jamii ya pairethroidi, ambayo huua kupe na mbung'o kwa pamoja, kila wiki wakati wa mvua. Ningetundika vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyotiwa dawa kwenye ukingo wa msitu. Ningechunga upande wa magharibi katika miezi ya masika na kuyaacha malisho ya mashariki kwa kiangazi, mbung'o wanapopungua. Na ningewapima damu ng'ombe waliokonda kabla ya kuwadunga, kwa sababu kudunga ovyo ovyo ndiko kunakozalisha vimelea sugu, na usugu ukishaingia katika eneo humwathiri hata jirani ambaye hakufanya kosa lolote.

Chanjo za chambavu, kimeta, homa ya mapafu, mapele ngozi na ugonjwa wa miguu na midomo sizirudii hapa, kwa kuwa ofisi ya kata yako itakupa ratiba yake.

Mfugaji wa Handeni:

Mzee wangu, shikamoo. Maelezo yako ya siku 19 yamenitoa mzigo moyoni, kwa kuwa nilikuwa nikijilaumu kwa kumpa malisho mabaya. Ndugu wa Laikipia, ahsante sana kwa darasa la jike.

Nimepiga hesabu ya dawa usiku wa jana, na naona kwamba kundi zima la Boran halisi siliwezi kwa sasa. Naelekea kwenye dume mmoja juu ya majike wangu wa kienyeji. Wasiwasi wangu ni mmoja: majike wenye kilo 250 kupandwa na dume wa kilo 600, je, hawataumia, na hawatashindwa kuzaa?

Mwenyeji wa Tana River amejibu:

Ndugu, kabla hujajibiwa hilo, naomba niongeze neno kuhusu mbung'o. Huku kwetu Kenya, wafugaji wa Kiorma wana Boran wao, mdogo kuliko yule wa Laikipia, ambaye ameishi kando ya Mto Tana pamoja na mbung'o kwa vizazi vingi. Katika ranchi ya Galana alifugwa bega kwa bega na Boran wa kawaida, na utafiti wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba Boran wa Orma alipata nagana mara chache zaidi na alihitaji tiba chache zaidi. Simtaji ili umfuate Kenya, kwa kuwa kuvusha mifugo mpakani kuna masharti yake. Namtaja ili ujue kwamba ndani ya jina moja la Boran kuna koo zenye historia tofauti, na swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: mama wa dume huyu amelelewa wapi, na ni magonjwa gani yaliyopo hapo? Muuzaji asiyeweza kulijibu anakuuzia rangi na nundu tu.

Mfugaji wa Laikipia amejibu:

Ndugu wa Handeni, uamuzi wako ni wa busara na mimi ningefanya hivyo hivyo. Kuhusu kuzaa usiwe na hofu kubwa, kwa sababu ndama wa Boran huzaliwa mdogo, na ukubwa wa ndama hutegemea mama pia; jike mdogo hubana ukuaji tumboni. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa anayepandisha zebu na Charolais au Simmental, ng'ombe wakubwa wa Ulaya, jambo ambalo nakuomba usilifanye kamwe kwa majike wadogo. Madume wa aina hiyo huku kwetu hutumika juu ya majike wakubwa wa Boran, na ndama wote huuzwa kwa nyama.

Kuhusu uzito wa dume anapopanda, chukua dume kijana wa miaka miwili, mwenye meno mawili ya kudumu na uzito wa kilo 350 hadi 400, umkuze shambani kwako badala ya kununua jitu lililokomaa. Msimu wa kwanza mpe majike 15 hadi 20 tu, nao wawe wale walio katika afya nzuri, na waliobaki wakae na dume wako mzee katika zizi jingine. Dume akishakomaa atawamudu majike 25 hadi 30. Kama masharti ya chanjo yanakutisha, uliza pia Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji cha Usa River kama wana mbegu ya Boran. Uhimilishaji, yaani kumpandikiza jike mbegu bila dume, unahitaji mtu anayelitambua mapema joto la ng'ombe, yaani hali ya jike kutaka dume, na zebu hulificha sana, mara nyingi likija usiku na kupita kabla ya asubuhi, ndiyo maana mimi binafsi bado naamini dume.

Unapomchagua, mwangalie akitembea kabla hujamwangalia akiwa amesimama. Miguu ya nyuma isiwe imenyooka kama nguzo wala isipinde mno. Korodani ziwe mbili zilizolingana, na mzingo wake ukiupima kwa utepe usipungue sentimita 30 kwa umri huo. Ngozi ya ala ya uume isining'inie mno, kwa kuwa miiba ya porini itaijeruhi, na dume mwenye jeraha hapo hapandi tena. Kisha omba kumwona mama yake, na ukiweza na bibi yake: chuchu ziwe fupi ambazo ndama anaweza kuzinyonya bila msaada, na kumbukumbu zionyeshe kwamba huzaa kila mwaka au karibu na hapo. Dume mzuri aliyezaliwa na mama anayeruka mwaka atakuletea mabinti wanaoruka mwaka. Mwisho, ingia zizini mwenyewe utulie karibu naye. Akikutazama kwa macho ya hasira na kupiga kwato chini, mwache, hata kama bei imepunguzwa.

Kwa mvua zenu za Tanga, mwingize kwa majike mwezi wa tano, masika yanapoishia na majike wakiwa wamenona, umtoe mwezi wa nane. Mimba ni kama miezi tisa na nusu, kwa hiyo ndama watazaliwa kuanzia mwezi wa pili, na mama zao watapata nyasi changa wanaponyonyesha. Ndama wa kwanza wa kiume wahasi na uwapime kila baada ya miezi mitatu kwa utepe wako, upate takwimu za shamba lako mwenyewe badala ya kutegemea zangu. Mitamba chotara wote wabakize. Andika tarehe zao za kuzaliwa daftarini, kwa sababu ifikapo msimu wa nne watakuwa wametimiza miaka miwili na ushei, tayari kwa kupandwa, na siku hiyo dume aliyewazaa asiwe tena katika zizi lao. Anza sasa kumtafuta mfugaji mwenzako wa Handeni au Kilindi mwenye mpango kama wako, mnunue madume wa koo tofauti, ili wakati huo ukifika mbadilishane bila yeyote kati yenu kutoa fedha nyingine.